Uzazi wa Kwanza wa Jaber

Makina, Kibera
25 Februari 2024

Dada Nereah,

Salamu zetu zikufikie hapo Kawangware. Sisi tunasukuma maisha. Awuor yuko gredi ya sita na tayari viatu vinambana. Baba yake, Eugene, bado anaizungukia ile kazi kwa Kiragu, mwenye yadi ya mbao kule Ngong Road. Mimi nasuka watu nywele hapa nje kwa Mama Mabruka kama siku zote. Mguu wa shemeji Obiero unaendeleaje? Mwambie namsalimia sana.

Naandika kwa karatasi kwa sababu mara ya mwisho uliniambia, "Usinipigie tena, wewe ukichoka kusikia unakata." Sawa. Barua siwezi kuikata. Mama Mabruka atakupa hii ukija kibandani kwake soko la Toi kuchukua mitumba yako. Ukitaka kujibu, mpe yeye. Si unajua tunaishi ploti yake, haimsumbui.

Jambo lenyewe ni Jaber, mbwa wetu wa kahawia. Ana mimba. Eugene alimpeleka kwa lile dume la Kiragu linalolinda yadi. Matiti yameanza kuvimba na tumbo linaonekana. Mimi sijawahi kuona mbwa akizaa. Eugene anasema mbwa huzaa wenyewe, hawahitaji mkunga. Lakini wewe umefuga mbwa tangu uolewe, na hapo mtaani kwenu Satellite mbwa wa mtu akizaa wewe ndiye huitwa. Niambie nimlishe nini na nitayarishe nini. Niambie ukweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mdogo wako,
Trizah


Kawangware
2 Machi 2024

Trizah,

Salamu tumezipata. Obiero anatembea mpaka dukani na kurudi, akifika analalamika kama aliyetoka Kisumu kwa miguu. Kuku wangu wawili wameibiwa, na aliyewaiba namjua, ananisalimia kila asubuhi. Hayo ndiyo ya kwetu.

Umetaka ukweli. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama pale Toi, nikaikunja, nikaenda mpaka barabarani kabla sijaweza kuifungua tena.

Huyo mbwa hajafika hata mwaka. Nimemwona akikufuata sokoni, bado anacheza na mifuko ya plastiki. Hilo lilikuwa joto lake la kwanza la kutaka dume, mkamkimbiza kwa dume. Mwili wake haujamaliza kujijenga na mnaudai ujenge miili ya wengine. Mbwa hungojewa akomae, apite miaka miwili hivi, aangaliwe na daktari, kisha mtu ajiulize kama kweli kuna haja. Na dume la Kiragu nalifahamu. Lina kichwa kama sufuria ya githeri ya shule. Jaber ana nyonga za kuku.

Kisha hukuniambia kwa nini. Umeandika "Eugene alimpeleka" kama mtu anayesema "mvua ilinyesha."

Ushauri wangu wa kwanza hutaupenda. Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii. Aliyesoma, usiende kwa muuza dawa za kupe. Mwulize kama mimba bado inaweza kuzuiwa salama, na mbwa afungwe kizazi. Najua utasema mimi ni katili. Katili ni mtu anayepitia kando ya mto kila wiki na kuona magunia yenye watoto wa mbwa, yanasogea, akaenda nyumbani kutafuta magunia mengine. Hao waliomo walikuwa na mwenyewe pia, aliyesema, "Watapata tu pa kwenda." Nitajie watu watatu wanaojua kufuga mbwa, wanaongoja wa kwako. Ukishindwa, basi jibu unalo.

Na usitume tena mtu ati nije nimwone. Mabruka ameniambia unauliza. Kwako siji. Unajua kwa nini.

Nereah


Makina, Kibera
12 Machi 2024

Kwa Nereah,

Hatujambo. Awuor alipata malaria akapona. Mama Mabruka ameanza mfungo, anakusalimia, na anasema umepungua, ule vizuri.

Nilikusikiliza. Nilimpeleka Jaber kwa daktari wa mifugo, Eugene akiwa hayupo, kwa sababu angekuwepo tusingetoka langoni. Daktari alimpapasa tumbo, akatikisa kichwa. Alisema ni wengi, na mimba imekua mno kuiingilia, sasa tumtunze azae. Ushauri wako wa kwanza umekwenda na maji. Lete wa pili.

Umeuliza kwa nini. Kiragu amemwambia Eugene kwamba akimpa dume la kwanza, la damu ya mbwa wake, kazi ya kusimamia walinzi ni yake. Umeridhika? Mume wangu amekaa nyumbani tangu mwaka jana akihesabu mabati ya paa. Wewe uko na Obiero aliyestaafu na pensheni yake. Usinihubirie.

Lakini hilo silo lililonikera. Limenikera neno lako, "unajua kwa nini." Sijui. Ninachojua ni hiki. Mama alilala kwangu tangu Agosti mpaka alipofariki Novemba, kitanda chake kikiwa pale palipokuwa na kochi. Kila wiki ulinipigia simu kunishauri. Mpe uji mwepesi. Mgeuze asipate vidonda. Mpake mafuta miguuni. Dada, ushauri haumgeuzi mtu kitandani. Mikono ndiyo humgeuza, na mikono ilikuwa miwili tu, hii yangu. Kila mlango ukilia Mama aliuliza, "Nereah amefika?" Mwishowe nikawa nafungua mlango wangu mwenyewe polepole ili asisikie, asiulize.

Kutoka kwako mpaka hapa mtu hutembea. Hukuja. Ulikuja mazishini ukakaa upande wa wageni.

Sasa kaa huko na unifundishe kuzalisha mbwa.

Trizah


Kawangware
19 Machi 2024

Trizah,

Obiero yuko sawa. Mvua imeanza kuingia kwa dirisha la nyuma. Mtakie Mama Mabruka mfungo mwema.

Kuhusu Mama sitajibu. Nimeandika nikachana, nikaandika nikachana. Nitajibu kuhusu mbwa, kwa sababu mbwa hajanikosea.

Tafuta kreti ya mbao, pana kiasi cha Jaber kujinyoosha. Upande mmoja ukatwe uwe chini, avuke bila kukwaruza matiti. Tandika magazeti, juu yake nguo kuukuu zisizo na vifungo wala zipu. Mabruka ana marobota ya zile zisizouzika, atakupa. Weka kreti kona yenye joto na giza, mbali na wateja wako, na umlaze humo kuanzia sasa apazoee. Akiona mahali pageni siku ya uchungu atakwenda kuzalia chini ya kitanda chako au choo cha jirani.

Chakula kidogo kidogo, mara nyingi. Omena, mayai, maini ukipata. Tumbo limejaa watoto, halina nafasi ya sufuria nzima ya ugali. Muuza dawa atataka kukuuzia kalisiamu. Mwachie. Ikitolewa mapema mwili wake unazembea kutoa yake, halafu akinyonyesha anaanza kutetemeka mpaka anakauka. Dawa ya minyoo mwulize daktari, usibahatishe.

Siku yenyewe atakataa chakula, atachimba zile nguo, atahema. Hapo fukuza watu. Watoto wa ploti wasijipange pale kama wanaotazama mpira. Kila mtoto huja ndani ya mfuko wake. Jaber asipoupasua, upasue wewe puani kwanza, umfute, umsugue na taulo kavu mpaka alie, umrudishe kwa mama. Usiwe na pupa ya kukata kitovu. Usivute mtoto. Na usimpige mama akiwaogopa watoto wake, hata akimng'ata mmoja. Yeye mwenyewe ni mtoto. Huenda ukapoteza mmoja au wawili, nakwambia mapema usije ukasema sikukwambia.

Sasa sikiliza hili hata kama mengine yote utayatupa. Akisukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna kitu, au maji ya kijani yakitangulia kabla ya mtoto wa kwanza, hiyo si kazi yako tena, wala yangu. Ni ya daktari na kisu chake. Usingoje kesho. Na atatokea mtu, hutokea kila mara, akiwa na sindano ya kusukuma. Mfukuze. Mtoto akiwa amekaa vibaya, sindano hiyo inalilazimisha tumbo kusukuma dhidi ya ukuta, na tumbo hupasuka. Mbwa wa jirani yangu tulimzika hivyo, watoto wakiwa bado ndani.

Ongea sasa na mtu wa tuktuk. Siku hiyo hutakuwa na akili ya kutafuta.

Na huyo dume wa Kiragu, hata akizaliwa na taji kichwani, haondoki kwa mama yake kabla ya wiki nane. Mwambie Eugene. Kama unaogopa kumwambia, jiulize kwa nini.

Nereah


Kawangware
6 Aprili 2024

Trizah,

Hujaniandikia, na sikutegemea. Mabruka ameniambia kwamba Jaber yuko hai. Nimefurahi, hata kama hutaamini.

Nakuandikia yaliyotokea nyumbani kwako Jumatano mchana, kwa sababu wewe hukuwepo na Awuor ni mtoto, atakuchanganyia.

Mabruka alinipigia akisema, "Jaber amekwama, Trizah amekimbia naye kwa daktari, watoto wamebaki na msichana peke yake, na mimi siwezi." Mabruka na mate ya mbwa hawapatani, na alikuwa amefunga. Obiero akaniuliza, "Si ulisema huendi tena?" Nikamjibu aangalie mguu wake.

Eugene hakuwepo. Angekuwepo ningegeukia langoni. Nilimkuta Awuor amepiga magoti kando ya kreti, watoto wanne amewafunika na sweta yake ya shule. Umemlea vizuri huyo. Watatu walikuwa wanasonga na kulia. Wa nne, yule mwenye kidole cheupe, alikuwa baridi kama jiwe la kusagia.

Awuor akaniambia, "Aunty, huyo amekufa, lakini nimeogopa kumtoa."

Nikamwambia hakuna mtoto aliyekufa kabla hajapashwa moto. Nilimtia ndani ya blauzi yangu, nikamsugua mgongo kwa kidole, nikamtuma Awuor ajaze maji moto kwenye chupa za soda na kuzifunga na vitambaa. Tulikaa hivyo kwa muda. Sikutazama upande wa kochi. Nilijua palikuwa na nini pale. Halafu huyo mdogo akanipiga teke kifuani, mara moja, kwa hasira kabisa, na Awuor akacheka mpaka akalia.

Mabruka alileta maziwa ya mbuzi kutoka kwa majirani zake wa msikitini, tukawapa tone kwa tone kwa bomba la dawa ya mtoto. Baada ya kulisha, unachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu na kumpapasa kila mmoja tumboni na chini mpaka akojoe. Bila hivyo wanajaa na kufa. Nimemfundisha Awuor. Usimnyang'anye kazi hiyo.

Nilipiga deki. Nilipika ugali. Adhana ya magharibi ilipolia Mabruka akanipa uji wake, akaniambia tuktuk yenu imeonekana inakuja. Nikachukua mkoba nikatoka kwa upande wa Toi.

Nereah


Makina, Kibera
16 Aprili 2024

Nereah,

Tuko wazima. Idi imepita, Mama Mabruka alitupa sahani kubwa mpaka Awuor akalala na mfupa mkononi.

Na mimi nitakuambia usiyoyaona.

Jaber alizaa wanne vizuri, kama ulivyoandika, wa kwanza akiwa dume. Wa nne alitoka polepole. Halafu akaanza kusukuma tena, na hakuna kitu. Anasukuma, ananitazama. Anasukuma, ananitazama. Macho yake, dada, kana kwamba mimi ndiye niliyemfanyia. Nikaangalia saa. Nilipoinuka kumwita mtu wa tuktuk, Eugene akaingia na jamaa wa duka la dawa za mifugo, sindano mkononi imeshajazwa.

"Kaa kando," Eugene akaniambia. "Hii inamsaidia, anamaliza saa hii."

Nikamwuliza yule jamaa, "Aliyebaki amekaaje?"

"Amekaaje vipi?"

"Tumboni. Ametanguliza kichwa au matako? Umemshika ukajua?"

"Mathe, mimi kazi yangu ni kudunga."

"Basi jidunge."

Eugene akanishika mkono. Akaniambia hizo ni barua za dada yangu zinaongea. Nikamwambia ndiyo, zinaongea, na yeye anyamaze zimalize. Nereah, sijawahi kumjibu mume wangu hivyo mbele ya watu. Nililala juu ya kreti, mwili mzima, nikamwambia yule jamaa akitaka kumfikia Jaber aanze na mimi. Majirani walijaa mlangoni. Jamaa akafunga sindano yake akaenda zake. Eugene naye akatoka, akasema nikimwua mbwa wa watu nisimtafute.

Kwenye tuktuk nilimshika Jaber mapajani, damu ikinilowesha dera. Njia nzima nilikuwa na hasira na wewe. Si na Eugene. Na wewe, kwa sababu kila ulichosema kilikuwa kweli, na mtu anayesema kweli akiwa mbali anachosha.

Daktari alimpasua. Aliyebaki alikuwa dume kubwa, kichwa kile kile cha baba yake, amelala kimkingamo. Alikuwa amekufa. Daktari akaniuliza kama kuna mtu alimdunga chochote. Nikasema hapana. Akasema, "Mungu ashukuriwe, hapa tungekuta tumbo limepasuka." Aliniuliza kama atoe kizazi kabisa, nikasema toa. Sikumwuliza mtu yeyote. Eugene hakusema nami mpaka Jumapili kwa ajili ya hilo.

Sasa niambie. Narudi nyumbani nimembeba Jaber kama mtoto, nakuta sakafu imefutwa, ugali umefunikwa, watoto wanne wamelala joto, na binti yangu ananiambia, "Aunty Nereah alikuwa hapa sasa hivi." Nilikimbia mpaka nje ya ploti bila viatu. Nani alikuomba upike? Nilitaka ugali wako? Nilitaka nikukute. Kwa nini hukungoja?

Trizah


Kawangware
27 Aprili 2024

Trizah,

Mvua imetuonea. Maji yameingia mpaka chini ya kitanda, Obiero analala miguu juu ya makreti ya soda. Nasikia huko kwenu chini karibu na mto ni vibaya zaidi. Angalau ploti ya Mabruka iko juu.

Jaber akiwa na mshono, mwangalie kila siku. Ukivimba au ukinuka, rudi kwa daktari. Watoto wameshafungua macho lakini bado wanaona vibaya, usiwatoe juani. Wiki hii waanze uji mzito wenye nyama iliyosagwa, na dawa ya minyoo kwa kipimo cha daktari. Waguswe na watu, wasikie sufuria zikianguka, wasikie adhana, wazoee dunia. Na chanjo kabla ya kwenda kwa mtu. Atakayekuja kuchukua mmoja, mwulize atalala wapi na nani atamlisha. Akijibu kwa mzaha, mfungie lango.

Ulifanya vizuri kwenye kreti. Nimeliandika hilo mara moja, sitarudia.

Umeniuliza kwa nini sikungoja. Acha mchezo, Trizah. Wewe ndiye uliyetuma neno mlangoni kwamba hutaki kuniona machoni pako, Mama akiwa kitandani. Nimeliheshimu neno lako mpaka leo. Nilikuja Jumatano kwa sababu ya watoto wa mbwa na kwa sababu hukuwepo. Uliporudi nikaondoka, kama ulivyotaka. Ulikasirika, nikanyamaza, nikabaki na simu, nikakushauri kwa simu kwa sababu ndiyo iliyokuwa mikono niliyoachiwa. Kisha unaniandikia ati sikuja. Sitaki kulisoma hilo tena.

Nereah


Makina, Kibera
12 Mei 2024

Nyamera, dada yangu,

Kabla ya yote: Jaber amepona, mshono umekuwa mstari tu. Watoto wote wanne wapo, wananipasulia makopo ya mafuta ya nywele. Yule wa kidole cheupe ndiye mkorofi kuliko wote. Awuor anamwita Hakufa.

Nilikawia kujibu kwa sababu barua yako niliisoma nikadhani umerukwa na akili. Neno gani mlangoni? Nikaikunja. Nikaifungua. Mwisho nikaenda nayo kwa Mama Mabruka, alikuwa anachambua maharagwe. Nikamwuliza, "Mama, wewe uko hapa mlangoni kila siku. Dada yangu aliwahi kuja mama yetu akiwa mgonjwa?"

Akaniangalia kama niliyemtukana. "Si alikuja mara mbili."

"Nani alimfungulia?"

"Bwana yako. Ya kwanza alimwambia mgonjwa amelala, daktari amekataza asisumbuliwe. Dada yako akaacha matunda akaenda. Ya pili alimwambia Trizah amesema hataki kumwona. Mimi nilikuwa naanika nguo hapa. Nikajua mmegombana, mambo ya damu moja, nikajizuia. Nilipowaona mnaandikiana nikadhani mmeyamaliza."

Yale matunda niliyakuta mezani. Eugene aliniambia ameletewa na mtu wa kanisa. Mama alikula chungwa, akasema ni tamu. Nimelikumbuka hilo chungwa wiki nzima.

Sikumwuliza Eugene siku ile. Nilijijua, ningeshika kitu. Nikangoja. Juzi akaja na Kiragu, na Kiragu ana boksi mkononi.

"Nimekuja kuchukua dume wangu," akasema.

Nikamwambia bado wananyonya, arudi wakimaliza wiki nane, wakiwa wamechanjwa. Akacheka. Akasema mbwa wake yeye alimchukua akiwa wa wiki nne na leo anaogopwa Ngong Road nzima. Nikamwuliza huyu atalala wapi. Akajibu, "Kwa mnyororo, kwani alale hoteli?"

Nikamwonyesha lango.

Eugene akalipuka. Akasema nimempotezea kazi, nimemwaibisha, kizazi cha mbwa nimekitoa bila ruhusa na sasa nakataa na mtoto. Kiragu alikuwa bado amesimama pale na boksi lake. Nikamwacha Eugene amalize. Kisha nikamwuliza, pale pale, Mama Mabruka akiwa mlangoni kwake, "Dada yangu alikuja mara ngapi Mama akiwa mgonjwa?"

Nereah, ule uso. Hata Kiragu aliona kitu, akajiondokea bila kuaga.

"Alinidharau," Eugene akasema. "Alisema mbele ya jamaa zenu kwamba nyumba yangu haifai kulaza mgonjwa, ati mama ahamishiwe Kawangware."

Uliyasema hayo? Nakujua, uliyasema. Ungeweza kuyasema vizuri zaidi. Lakini nikamwambia, "Alikudharau wewe. Mama alikukosea nini?"

Nikamwambia Mama alikufa akiuliza, na kila mara alipouliza mimi nilimjibu, "Bado, Mama," na yeye Eugene ameketi hapo na sahani yake, anasikia, anameza. Nilipiga kelele, dada. Ploti nzima ilisikia. Nilipiga kelele za tangu Novemba. Awuor aliwachukua watoto wa mbwa akawapeleka kwa Mama Mabruka, na Mama Mabruka akawapokea, kwenye upindo wa gauni lake.

Eugene alikwenda kulala kwa kaka yake. Jana amerudi. Kazi kwa Kiragu haipo. Ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, na hajaniomba radhi. Anajua si mimi wa kuombwa kwanza. Sijui bado nitafanya nini naye. Ninaandika hii akiwa ananitazama, na anajua naandika kwa nani.

Nina hasira nawe pia, usidhani imeisha. Uliambiwa neno moja mlangoni na mwanamume, ukalibeba mpaka kwako bila kuniuliza mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni. Ulikuwa na namba yangu. Ulinipigia kila wiki ukaniambia habari za uji na vidonda, hukuniuliza hata siku moja, "Trizah, ni kweli umesema hivyo?" Nami sikukuuliza, "Kwa nini huji?" Nilingoja nikuulize kwa barua ya mbwa.

Jumapili ijayo njoo. Usipitie kwa Mama Mabruka, usitume mtu akupe habari, usichungulie kwanza kama niko. Njoo mchana, piga hodi, ungoje. Nimemwambia Eugene yeye ndiye atakayekufungulia mlango.

Mdogo wako,
Trizah